Zebaki Iliyokataa Kupanda

Zebaki ina adabu zake. Kila siku ya Mungu, kuwe na jua au mvua, asubuhi hupanda kidogo ndani ya kioo chake cha kupimia uzito wa hewa, ikifika saa nne hutua, kisha huanza kushuka taratibu mpaka alasiri, kama bibi wa mtaa wa Ndoro anayekwenda sokoni na kurudi kwa njia ileile. Yunusu bin Likwata, mpima hewa wa Lindi, alikuwa ameizoea tabia hiyo kiasi kwamba angeweza kukwambia saa kwa kuitazama zebaki bila kugeukia saa ya ukutani.

Asubuhi moja ya masika ya mwaka hamsini na mbili, saa nne ilifika na zebaki ilikuwa haijapanda.

Aligonga kioo kwa ukucha. Akasogea, akafuta macho, akatazama tena. Si kwamba ilisimama tu, ilikuwa imeshuka. Nje hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mpapai, na joto lilikuwa limeukalia mji kama kuku anayeatamia. Kunguru wa Lindi, ambao hawanyamazi hata mbele ya jeneza, siku hiyo walikuwa kimya.

Alitoka mbio hadi posta, akamvuta mkono Mikaeli, karani wa simu, akapanda naye hadi kibanda cha vipimo, juu ya kile kilima cha nyuma ya Boma, huku Mikaeli akiwa bado na kipande cha muhogo mdomoni.

"Soma," Yunusu alisema.

"Mimi nisome? Mpima hewa ni nani hapa?"

"Leo siyaamini macho yangu. Niambie zebaki iko wapi. Usiniulize inatakiwa iwe wapi."

Mikaeli aliinama, akatafuna, akasoma. Palikuwa palepale alipopaona Yunusu.

"Ni vibaya?"

"Sijui. Hivi ndivyo inavyokuwa tufani ikiwa njiani. Lakini tufani ni za kisiwa cha Bukini, mbali huko baharini. Kitabu kinasema huku haziji."

"Sasa mbona umenivuta kama mwizi?"

Mikaeli aliuliza tu; jibu alilijua. Mji mzima ulijua kwamba baada ya adhuhuri Mastura binti Tawakali anapandishwa motaboti kwenda Kilwa Kivinje kuolewa na Hasani, binamu yake wa upande wa mama. Barabara ilikuwa imemezwa na mvua, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Harusi haikuweza kungoja. Mji mzima ulijua pia kwamba Yunusu alikuwa amepeleka posa nyumba hiyohiyo, nayo ikarudi na jibu ambalo watu walilirudia hadi likachuja rangi: "Binti wa Ndoro haendi Likawage kwenu, huko bara, kufukuza nguruwe mashambani."

Mapenzi yao yalianza kwa puto. Kila alasiri Yunusu alikuwa akiachia puto hewani na kulifuata kwa darubini apate kujua upepo wa juu unakokwenda. Siku ya mawingu aliachia jekundu, siku ya anga safi jeupe. Mastura, akianika nguo kwenye ua wao, alianza kubahatisha rangi. Alipokosea alicheka peke yake. Alipopatia alipunga upande wa kanga. Huko juu kilimani darubini ilikuwa ikimfuata yeye, puto likajiendea lilikotaka. Hayo yalitosha kumnyima Yunusu usingizi kwa masika mawili.

Ndiyo maana alimwita Mikaeli. Akisema tufani inakuja, watu watasema ni mapenzi yanayosema. Na kilichomtisha zaidi, yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba siyo.

Alipeleka simu Dar es Salaam. Wakubwa wakajibu kwamba hakuna meli iliyoleta habari yoyote, aendelee kupima. Basi akateremka Ndoro.

Mzee Tawakali alikuwa mfanyabiashara wa papa mkavu. Husemwa kwamba siku akifungua ghala, paka wa Kitunda, ng'ambo ya ghuba, walikuwa wakijitosa majini kufuata harufu. Siku hiyo alikaa barazani kati ya masanduku ya binti yake, na wazee wenzake pamoja na nahodha wa motaboti wamemzunguka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ulishajibiwa, kijana. Kama umekuja kuaga, aga."

"Sikuja kuaga. Nimekuja kuomba msisafiri leo."

Barazani pakapita kicheko kidogo.

"Kwa sababu gani?"

"Zebaki imekataa kupanda. Naogopa iko tufani baharini, na inakuja huku."

"Tufani." Mzee Tawakali alilitafuna neno hilo kama tambuu. "Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa. Hapa tuna upepo wa kusi, tuna wa kaskazi, na tuna vijana walionyimwa mke."

Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na kahawa. Bi Siti, dada yake Mzee, aliyemlea Mastura tangu mama yake alipofariki, akachungulia mlangoni.

"Na hao Wazungu wako, mwanangu, hawawezi kuigeuza?"

"Walijaribu, Bi Siti. Nimesoma kwamba huko Marekani walipanda ndege wakamwaga barafu ya kusagwa juu ya tufani iliyokuwa ikienda zake baharini. Ikageuka ikapiga mji."

"Wameigeuza wao?"

"Hawajui. Mpaka leo wanabishana."

"Basi asiiguse mtu," Bi Siti alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mzee Tawakali aliinua kidole. "Mwezi uliopita ulisema siku ya maulidi itanyesha. Tukayaingiza ndani, tukaiva kama mkate wa mofa, na nje jua linawaka."

"Nilikosea, Mzee."

"Leo hujakosea? Siti, lete Msahafu." Ulipoletwa aliuweka juu ya sanduku la bibi harusi. "Kula yamini kwamba tufani inakuja. Ukiapa, masanduku yanarudi ndani. Mimi si mtu wa kushindana na kiapo."

Yunusu aliinua mkono. Neno moja tu, na Mastura asingeondoka. Mkono ukafika katikati, ukasimama.

"Siwezi, Mzee. Ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu. Mimi nimeona ya leo tu. Naweza kuapa kwamba zebaki imeshuka. Zaidi ya hapo ninaogopa, siapi."

"Basi umejijibu," Mzee Tawakali alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Yunusu kuliko vicheko vyote. "Rudi kazini kwako."

Alishuka barazani bila kuona anakokanyaga. Kwenye kichochoro mkono ukamdaka shati.

"Simama hapa kwenye ua wa makuti," Bi Siti alinong'ona. "Semeni haraka. Na mimi sijakuona, wala sikujui."

Upande wa pili wa makuti alisikia bangili, kisha pumzi. Mastura alikuwa amenyoosha mikono mbele yake kwa sababu hina ilikuwa haijakauka, na katika upenyo wa makuti Yunusu aliona jicho moja tu, limetiwa wanja, halipepesi.

"Kwa nini hukuapa?"

"Ningeapa nisilolijua."

"Ungeapa ningebaki."

"Ungebaki na mwongo."

Jicho likafumba, likafumbua. "Nijibu basi. Kama ningekuwa nimeshaolewa zamani, tena ni kizee kisicho na jino, zebaki ingekataa vilevile?"

"Nilimwita Mikaeli aitazame. Mikaeli hampendi mtu, anapenda muhogo. Ameona nilichoona."

"Sikuulizi Mikaeli. Nakuuliza wewe."

Yunusu aliegemeza paji la uso kwenye makuti. "Zebaki ingekataa vilevile. Ila sijui kama mimi ningekuja mbio namna hii."

Alikuwa karibu mno; alisikia karafuu na asumini walizompaka. Hawakuwahi kusimama karibu hivyo, na walikuwa wamegawanywa na jani kavu.

"Naogopa, Yunusu."

"Na mimi."

"Wewe waogopa nini? Hupandi chombo."

"Naogopa isiwe kweli, ukaenda. Na naogopa iwe kweli, ukawa umekwenda."

Bangili zikalia tena, na jicho likaondoka. Yakabaki makuti. Kisha akasikia sauti yake barazani, mbele ya wanaume, mahali ambapo bibi harusi mwenye hina mbichi hana kazi napo.

"Baba, samahani. Kadhi wa Kivinje ataniuliza kama nimeridhia?"

"Atauliza. Utanyamaza, na kunyamaza kwako ndiyo idhini yako. Ingia ndani, mama."

"Ukinipandisha leo, Baba, sitanyamaza."

Hata muuza kahawa alisimamisha vikombe alivyokuwa akivigonga.

"Unanivua nguo mbele za watu, Mastura?"

"Nakuomba siku moja. Kesho jua likichwa na hakuna tufani, nitapanda mwenyewe bila kushikwa mkono, nitanyamaza mbele ya kadhi, na jina la huyu kijana hutalisikia kinywani mwangu hadi siku ya kufa kwangu."

"Na hiyo tufani ikija?"

"Tukibaki hai, Kilwa siendi."

Mzee Tawakali aliwatazama wazee wenzake mmoja mmoja. Mwisho alicheka kicheko kisicho na furaha. "Siku moja. Nani aliwahi kusikia tufani Lindi? Nahodha, funga chombo. Tutalala."

Bi Siti alirudi kichochoroni akiwa ameshika shavu. "Umesikia? Mtoto kakuwekea roho yake rehani."

Yunusu alikuwa amesikia. Alipanda kilima, na katikati ya njia ndipo lilipomfikia jambo lenyewe: tangu saa ile, alikuwa mtu anayehitaji tufani.

Kesho yake kulipambazuka vizuri mno. Anga lilikuwa safi, bahari imelala, isipokuwa mawimbi marefu, mazito, yaliyokuja polepole bila upepo wa kuyasukuma, yakajitupa ufukweni kama watu waliochoka. Vijana walimwimbia Yunusu njiani wakimwuliza bei ya tufani. Wazee hawakuamini, lakini hawakutaka pia kuja kulaumiwa. Wakazungusha ng'ombe mweusi mji mzima kwa kisomo na ubani, kuukinga mji na balaa.

Yunusu aliachia puto. Lilipanda hatua chache, likashikwa, likatupwa kaskazini kuelekea Kilwa kwa kasi ambayo darubini haikuifikia.

"Puto lako hilo ndilo linalouita upepo," mwanamke mmoja alimwambia, wala hakuwa anatania.

Adhuhuri Mzee Tawakali alipanda kilima mwenyewe, jasho linamtiririka. Aliingia katika kibanda cha vipimo bila hodi.

"Nimekuja kuiona hiyo zebaki."

"Hii hapa. Imeshuka tena."

Mzee alitazama kioo kwa muda. "Mimi naona kioo tu." Kisha akageuka akamtazama Yunusu, na hapakuwa na baraza la kumchekea. "Niambie kweli, kijana. Wataka ije?"

Yunusu angeweza kusema hapana, neno jepesi.

"Jana niliitaka, Mzee. Niliporudi kutoka kwako nilisimama hapa nikaitaka zebaki ishuke. Ikashuka, nikafurahi. Halafu nikatazama kule chini nikaona moshi wa majiko ya Ndoro. Tangu wakati huo naomba niwe nimekosea."

"Ukikosea, binti yangu anakwenda Kilwa leo hii."

"Najua."

"Na bado waomba?"

"Naomba, Mzee. Tangu jana sikuomba kitu kingine."

Mzee Tawakali alivua kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Huko kusini, chini kabisa ya anga, palikuwa na mstari mweusi ambao asubuhi haukuwapo.

"Lile jumba la mawe la babu yangu," alisema, "paa lake ni la zege. Wadhani litachukua watu wangapi?"

"Wote watakaokubali kuja."

"Wewe anza na mtaa wa Mikumbi. Mimi nawaleta wa Ndoro. Yule nahodha nitamtoa chomboni kwa masikio."

Wengi walikuja kwa sababu ya Mzee Tawakali, si kwa sababu ya zebaki. Wengine walisema hiyo ni kusi tu inayobisha hodi mapema, wakabaki.

Upepo ulipoingia, uliingia kutoka kusini, na haukubisha hodi. Minazi ililala chini kama watu wanaosujudu, na mingine haikuinuka. Mabati yaliruka yakiimba. Wapo watakaokwambia kwamba mbuzi wa Ndoro alipaishwa akatua mji wa Mtama, huko bara, akiendelea kutafuna, na mimi sibishi na watu wazima. Lakini ndani ya jumba hakuna aliyesimulia hadithi. Watoto walilia bila sauti kusikika. Uliona midomo tu. Kuta za mawe zilitetemeka kama ngozi ya ng'ombe aliyeumwa na mbung'o. Wanawake walikaa upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati Bi Siti alikuwa amefunga shuka, kwa maana tufani ni tufani na heshima ni heshima.

Kisha, ghafla, ukaacha.

Haukupungua, uliacha, kama mtu aliyekabwa koo. Kwenye nyufa za mlango ukaingia mwanga wa manjano. Maji yalisikika yakidondoka. Mtu mmoja akasema alhamdulillahi, wote wakaitikia, wengine wakakumbatiana. Nahodha akaenda mlangoni kukamata komeo.

"Usifungue," Yunusu alisema.

"Upepo umekwisha, bwana. Sikiliza mwenyewe. Nakwenda kutazama chombo changu."

"Haujaisha. Tufani ni duara, nahodha, na katikati yake mna utupu. Sisi sasa tumo katikati. Nusu iliyobaki itatoka kaskazini, na mlango huu unatazama kaskazini."

"Ulishaiona wapi?"

"Sijaiona. Nimesoma."

"Amesoma," nahodha aliwaambia watu. Nyuma yake wengine walikuwa wamekwisha simama; mmoja alitaka kumtafuta ndugu yake, mwingine ng'ombe. Yunusu aliwatazama akajua hana neno la kuwazuia. Hewa ndani ya jumba ilikuwa nzito, masikio yanaziba.

Mzee Tawakali aliinuka. Akachukua mkeka wake, akautandika kwenye kizingiti, akakaa, akaegemeza mgongo mlangoni.

"Atakayetoka," alisema, "atanipita mimi."

"Mzee, na kama huyu kijana amekosea?"

"Akikosea, utakuwa umekaa kitako kwa muda mfupi. Kaa."

Nahodha alimtazama, akatazama komeo, akakaa.

Yunusu alirudi mahali pake kando ya shuka. Upande wa pili sauti ikaja chini kabisa.

"Yunusu."

"Naam."

"Jana niliogopa isije." Mastura alisogea karibu na shuka. "Kuna watu walibaki nyumbani kwao. Na mimi niliitaka."

"Na mimi."

"Tumefanya nini sisi?"

"Hatukufanya kitu. Zebaki haisikilizi watu. Nakwambia hivyo, na mwenyewe najiambia hivyo, na bado naogopa."

Shuka likatikisika kidogo. "Ungekuwa na hiyo ndege yao, na hiyo barafu. Ungeigeuza?"

"Yao ilipiga mji."

"Tuseme ungejua itaenda baharini ikafie huko. Na jua lingekuchwa kwa amani, na mimi ningepanda chombo. Ungeigeuza?"

Ilikuwa rahisi kumpa jibu tamu. Alitazama vichwa vya watoto vilivyolazwa mapajani mwa mama zao, akamtazama Mzee Tawakali pale mlangoni amefumba macho, midomo inacheza kwa dua.

"Ningeigeuza, Mastura."

Kisha chini ya shuka, kwenye sakafu, vikaja vidole vyekundu kwa hina, vikagusa kidole chake kidogo cha mwisho, vikatulia hapo. Vilikuwa baridi kama vya mgonjwa.

"Basi Kilwa siendi," alisema.

Mwanga wa manjano ukafifia. Kutoka mbali, upande wa Kilwa, ikaanza sauti ambayo kwanza waliidhania bahari. Nahodha aliinua kichwa. Bi Siti akawavutia watoto ukutani. Sauti ikakua, ikawa ngurumo isiyopumua, na vidole vikauacha mkono wa Yunusu taratibu, kimoja baada ya kimoja.

Mzee Tawakali alifumbua macho. Hakumtafuta nahodha, wala wanaume wengine wenye mabega mapana zaidi.

"Yunusu."

"Naam, Mzee."

"Njoo ukae hapa. Peke yangu sitauweza."

Yunusu alikatiza sakafu, akakaa kwenye mkeka, akaweka mgongo wake kando ya mgongo wa Mzee. Mlango ukapigwa kwa mara ya kwanza, na migongo miwili ikaupokea.